Taharuki kwenye muvi ni nini hasa?

Wengi wakisikia taharuki wanawaza muziki wa kutisha na mtu anakimbia gizani, hapana, hiyo inaweza kuwa hofu tu au hata fujo. Taharuki ni pale roho inakubana kwa sababu unaona jambo linakuja na hujui litaishaje, na mara nyingi wewe mtazamaji unajua kuliko mhusika mwenyewe. Waliosoma Kiswahili sekondari wameikuta kwenye uchambuzi wa riwaya, ila kule sifa anapewa mwandishi, kwenye muvi mzigo mkubwa yuko nao mwigizaji.

Chukua Gaslight ya 1944, ya George Cukor. Ingrid Bergman ni mke ambaye mumewe, Charles Boyer, anamfanya aamini amechanganyikiwa. Vitu vinapotea, taa za gesi zinafifia usiku, huko darini kuna vishindo, akiuliza anaambiwa ni mawazo yako tu. Sasa cheki sini ya kwenye tafrija ya muziki, mume anamnong'oneza kwamba saa yake haipo, inatafutwa, inakutwa kwenye pochi ya mke. Bergman haangui kilio hapo hapo, anajikaza kwanza, anataka abaki mke wa heshima mbele za watu, uso unamgomea, ndo kilio kinamtoka. Zile sekunde za kujikaza ndo taharuki yenyewe, angelia tangu mwanzo tungemwonea huruma tu basi.

Boyer naye hafokifoki ovyo, anaongea kwa upole kama anambembeleza mtoto, na ndo maana anaudhi. Iweke kwenye kibanda umiza chochote hapa Dodoma, pale Majengo kwa mfano, watu watamfokea yule mama atoke humo ndani, hicho ndo kipimo. Bongo muvi nyingi (sio zote jamani) mtu akipata shida analia dakika nzima na muziki juu, mtazamaji anashika simu.

Bergman alibeba Oscar kwa hii kazi. Angela Lansbury, kijakazi mwenye dharau, ilikuwa muvi yake ya kwanza na akatajwa kuwania.

Halafu kuna sini ya mwishoni, mume kafungwa kwenye kiti, anambembeleza mke akate kamba, mke kashika kisu, anauliza mwendawazimu atamsaidiaje mumewe? Anaongea taratibu, kisu mkononi, na hujui atakata nini. Itafute uone mwenyewe.