Brabazon: jinsi ya kuisoma ndege iliyoshindwa ukiwa kwenye maonyesho

Mwaka 1949, kwenye maonyesho ya Farnborough, Uingereza, watu waliziona ndege mbili mpya katika wiki moja. Ya kwanza ilikuwa Bristol Brabazon: mabawa mita 70 kutoka ncha hadi ncha, injini nane, na siku chache tu tangu iinue magurudumu kwa mara ya kwanza tarehe 4 Septemba, rubani akiwa Bill Pegg. Ya pili ilikuwa de Havilland Comet, ndogo, yenye injini nne za jeti zilizofichwa kwenye shina la bawa. Aliyekuwa pale na kuulizwa ipi ina mustakabali, huenda angeinyooshea Brabazon kidole. Ilipita taratibu, bila kutetereka, ikafunika anga. Miaka minne baadaye ilikatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu kwa pauni 10,000.

Naandika kuhusu ndege hii kwa sababu wapenzi wengi wa ndege huitaja kama kichekesho cha historia. Hawaitendei haki. Brabazon iliruka vizuri. Iliyoshindwa ni hesabu ya kazi yake, na hesabu hiyo haionekani kwenye maonyesho mpaka ujue pa kuitafuta.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo maonyesho yanapomlaghai mtazamaji bila mtu yeyote kusema uongo. Uzito wa juu wa Brabazon wakati wa kuruka ulikuwa kama tani 131.5. Matangi yake yalichukua takribani lita 62,000 za petroli ya ndege, yaani karibu tani 45: theluthi ya uzito wote. Ndege ya maonyesho haibebi mafuta ya kuvuka Atlantiki. Inabeba ya kuruka, kuzunguka mbele ya watu na kurudi, pamoja na akiba. Haina abiria, haina mizigo, haina chakula.

Tuseme imeacha tani 40 chini. Imebaki na tani 91.5. Eneo la bawa ni mita za mraba 494 au karibu, kwa hiyo mzigo kwa kila mita ya mraba unashuka kutoka kilo 266 hadi 185. Kasi ya chini kabisa ambayo bawa bado linaishikilia ndege hewani hufuata kipeuo cha pili cha uzito, kwa hiyo inashuka kwa asilimia 17 hivi. Injini zote nane zilitoa jumla ya nguvu za farasi 21,200. Ikiwa imejaa, kila tani inapata 161, ikiwa nyepesi inapata 232. Umbali wa kukimbia kabla ya kuinuka hubadilika karibu na mraba wa uzito, hivyo unapungua kwa nusu. Mtazamaji anaona jitu linaloinuka kama kunguru. Anachokiona ni kweli, ila si ndege ambayo shirika lingeinunua.

Kwa msomaji wa Nairobi kuna hesabu ya ziada. Farnborough iko chini, karibu na usawa wa bahari, na Septemba ya Uingereza ina ubaridi. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hata kabla ya kuhesabu joto la mchana. Ili bawa lipate mnyanyuko uleule, ndege inabidi ikimbie kwa kasi iliyo juu kwa asilimia 8, na kasi hiyo pekee inarefusha mbio kwa asilimia 17. Panga za injini (propela) nazo hushika hewa pungufu. Ndiyo maana ukiona ndege ikiruka kwa mbwembwe kwenye maonyesho ya Ulaya, swali la kwanza liwe: ilikuwa na tani ngapi, na hewa ilikuwaje?

Sasa chanzo cha kosa. Wakati wa vita, Uingereza iliunda kamati chini ya Lord Brabazon of Tara kupanga ndege za abiria za baada ya vita. Aina ya kwanza kwenye orodha yake ilikuwa ya kwenda New York bila kutua. Kamati iliamini kwamba atakayelipa nauli hiyo ni tajiri au mkubwa serikalini, na kwamba hatavumilia saa nyingi kwenye kiti chembamba. Kwa hiyo ilianza na nafasi ya mtu mmoja: futi za ujazo 200 kwa abiria wa kawaida, yaani mita za ujazo 5.7, na 270 kwa wa daraja la anasa. Vitanda, ukumbi, baa na sinema viliwekwa kwenye mipango. Mwili wa ndege ukachorwa kuizunguka nafasi hiyo, bawa likachorwa kuubeba mwili huo, injini zikaongezwa kulisukuma bawa. Mwisho wa mnyororo: ndege pana kuliko Boeing 747 yoyote iliyowahi kutengenezwa, ikibeba watu 100.

Kasi ya safari ilikuwa kilomita 400 kwa saa. Hapa napenda kutumia kipimo kimoja ambacho kila mpenzi wa ndege anaweza kukipiga kwenye karatasi: zidisha idadi ya viti kwa kasi, kisha gawanya kwa uzito wa juu wa kuruka. Kinakuambia kila tani ya ndege inafanya kazi kiasi gani kwa saa. Brabazon: 100 mara 400, gawanya kwa 131.5, unapata 304. Boeing Stratocruiser, iliyoanza kubeba abiria mwaka uleule wa 1949, ukiipa watu 60, kilomita 480 kwa saa na tani 66, inafikia 436. Comet ya kwanza, watu 36 kwa kilomita 720 na tani 48, ni 540. Kipimo hiki hakihesabu mafuta wala urefu wa safari, na Comet ile isingeweza kuvuka Atlantiki bila kutua. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kufukiwa na vitanda. Na kwa kilomita 400 kwa saa, London hadi New York ni kama saa 14 pasipo upepo wa mbele. Abiria aliyehitaji kitanda alikihitaji kwa sababu ndege ilikuwa ya polepole, na ilikuwa ya polepole kwa sehemu kubwa kwa sababu ilibeba kitanda.

Injini zinastahili aya yake. Zilikuwa Bristol Centaurus, za pistoni, silinda 18 kila moja. Zilifungwa mbili mbili ndani ya unene wa bawa, zimeinamiana, nguvu ikapitishwa kwa mashafti hadi kwenye giaboksi mbele, na kutoka hapo kwenye panga za jozi zinazozunguka kinyume juu ya mhimili mmoja. Faida: sehemu ya mbele ya bawa ilibaki laini, hewa ikapita bila kugonga injini zilizotokeza. Gharama: hewa ya kupoza silinda inabidi iletwe kwa mifereji, fundi anafanya kazi ndani ya bawa badala ya kufungua kifuniko na kusimama wazi, na kila shafti refu lina mtetemo wake wa kujipinda ambao lazima utulizwe kabla haujala meno ya gia. Ukiona kwenye maonyesho panga mbili zimepangana kwenye pua moja, uliza kuhusu giaboksi kabla ya kuuliza kuhusu injini.

Ushahidi wa hilo ni Saunders-Roe Princess, boti kubwa ya kuruka iliyopaa mara ya kwanza Agosti 1952 na kuonyeshwa Farnborough mwaka huohuo. Ilikuwa na injini kumi za Proteus, za turbini zinazozungusha panga: jozi nne na mbili za pekee. Giaboksi za jozi zikasumbua, na injini zenyewe zikawa chini ya nguvu iliyoahidiwa. Lakini hata zingekuwa kamili, mteja alikwisha ondoka: BOAC, shirika la ndege la Uingereza, iliacha boti za kuruka mwaka 1950. Pwani yetu inazijua boti hizo. Miaka ya mwisho ya 1930 zile za Imperial Airways zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikienda kusini, kwa sababu maji hayahitaji kumwagiwa zege. Vita vilipoisha, dunia ilikuwa na viwanja vya zege vya kutosha, na sababu hiyo ikafa.

Zege hilo nalo liliigusa Brabazon, kwa njia nyingine. Kiwanja cha Filton, karibu na Bristol, kilirefushwa hadi futi 8,175, kama kilomita 2.5, na kijiji cha Charlton kikabomolewa kupisha njia. Jengo kubwa la kuunganishia likajengwa. Shirika lolote ambalo lingeinunua lingelazimika kuuliza ni viwanja vingapi vya wakati ule vingebeba tani 130. Jengo na njia hiyo havikupotea: Concorde ya kwanza ya Uingereza iliruka kutoka Filton Aprili 1969.

Brabazon ilionyeshwa tena Farnborough 1950, na Le Bourget, Paris, mwaka 1951. Toleo la pili, lililokuwa lipewe Proteus, halikumalizika. Ile iliyoruka ilivunjwa Oktoba 1953 baada ya safari 164 na saa 382. Gawanya: wastani wa saa 2 na dakika 20 kwa safari, kwa ndege iliyochorwa kukaa hewani saa 14.

Huwa nawaambia wanaoanza kufuatilia maonyesho watafute namba hizo mbili kwa kila ndege ya majaribio, jumla ya safari na jumla ya saa, kisha walinganishe wastani na kazi iliyokusudiwa. Ndege ya masafa marefu ambayo baada ya miaka minne bado inaruka saa mbili mbili haijajaribiwa kazi yake. Tu-144, ndege ya abiria ya Kisovieti yenye kasi kuliko sauti, inasomeka hivyohivyo: ilianguka Paris tarehe 3 Juni 1973 mbele ya umati, wakafa watu sita ndani na wanane chini, na wengi huishia hapo. Namba inayoeleza zaidi kuhusu muundo wake ni 55, idadi ya safari zote zilizobeba abiria kati ya Novemba 1977 na Juni 1978.

Comet haikupona kirahisi. Tarehe 2 Mei 1952 ilianza safari ya kwanza ya abiria kwa jeti, London hadi Johannesburg, ikitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Mwaka 1954 ikazuiwa kuruka, baada ya uchovu wa metali kupasua miili yake hewani. Tofauti ni kwamba kasoro hiyo ilirekebishika kwa bati nene na madirisha yaliyochorwa upya, na mwaka 1960 East African Airways ikapokea Comet 4. Kwa Brabazon hapakuwa na bati la kuongeza.