Dhamira ya asasi hupimwa siku ya kukataa fedha

Kazi yangu ni kukaa na asasi za kijamii zinapoandika au kupitia upya katiba na mpango mkakati. Kwa hiyo nimesoma dhamira nyingi mno, na nyingi zinafanana hadi kwenye nukta. "Kuinua hali ya maisha ya jamii kwa njia shirikishi na endelevu." Ukifunika jina la asasi, huwezi kujua kama sentensi hii ni ya wavuvi wa Pangani, wazazi wa watoto viziwi, au vijana wanaozoa taka Buguruni. Haina uongo ndani yake. Haimsaidii mtu yeyote kuamua jambo lolote pia, na hapo ndipo ninapogomba nayo.

Dhamira ina kazi ya kila siku. Mwenyekiti akiletewa fursa, mhasibu akipanga bajeti, afisa mradi akichagua kijiji cha kuanzia, kila mmoja anapaswa kuirudia sentensi ile na kupata jibu. Jibu la "ndiyo" ni rahisi, maana asasi changa ina njaa ya fedha na kila kitu kinaonekana kinafaa. Jibu gumu ni "hapana", na dhamira isiyoweza kumpa kiongozi nguvu ya kusema hapana mbele ya mfadhili imeandikwa kwa ajili ya fomu ya usajili.

Niliwahi kufanya kazi na kikundi kilichoanzishwa na akina mama wenye watoto wenye mtindio wa ubongo. Walifahamiana kwenye foleni ya mazoezi ya viungo hospitalini. Wakaanza kuelekezana namna ya kumkalisha mtoto asiyeweza kushika shingo, namna ya kumlisha bila kupaliwa, na fundi seremala gani anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye mkanda kwa bei wanayoimudu. Kila mama mpya alitembelewa nyumbani na wawili waliomtangulia. Walipotaka kusajiliwa, aliyewaandikia katiba aliwawekea sentensi kama ile niliyoinukuu hapo juu.

Miaka kadhaa baadaye akaja mfadhili mwenye fedha za kufundisha vijana ujasiriamali. Wakazipokea, kwani vijana nao ni jamii na katiba haikuwazuia. Mafunzo yalifanyika, mahudhurio yakasainiwa, ripoti zikaenda kwa wakati. Lakini katibu, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga zamu za kutembelea nyumba, sasa alishinda kwenye semina na kuandika ripoti za robo mwaka. Zamu zikalegea, kisha zikakoma. Kwenye mkutano mkuu mama mmoja alisimama akauliza ni kikao gani kiliamua kwamba wasitembelewe tena. Mihutasari ikafunguliwa ukurasa kwa ukurasa. Hakuna kikao kilichoamua.

Ndivyo asasi nyingi zinavyopotea njia. Haitokei siku moja ya usaliti ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole. Inatokea mradi baada ya mradi, kila mmoja una sababu nzuri, na mwishowe waliokianzisha kikundi wanakuwa wageni ndani yake.

Mimi na wale akina mama tulikaa siku nzima na sentensi moja, ile ya dhamira. Matoleo ya kwanza yalikuja na lugha ya semina: kujengea uwezo, kuwezesha, ushirikishwaji. Nikawaomba waache kuandika, wamwambie kwa mdomo mama anayetoka kliniki leo na mtoto mgongoni wao ni nani na watamfanyia nini. Hapo maneno yakaja yenyewe. Waliloandika mwishoni ni kwamba wanamfikia kila mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo katika kata zao, mapema baada ya mtoto kugundulika, wanamfundisha kumtunza nyumbani, na wanasimama naye mpaka mtoto apate matibabu na shule. Ukiisoma unajua wanamhudumia nani, wapi, kwa njia gani, na kazi inaishia wapi. Unajua pia ni fedha zipi hawatazigusa.

Kwa mfano ulio wazi kwa umma, huwa nawapeleka watu Ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Mikoko ya pale ilifyekwa sana kwa kuni za viwandani katika miaka ya 1970, mbali na boriti na kuni za nyumbani. Watafiti wa taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, walianza kurudishia miti katika miaka ya 1990 pamoja na wanakijiji. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, uliothibitishwa mwaka 2013 chini ya Plan Vivo, kiwango cha kimataifa cha kukagua miradi ya kaboni ya jamii. Hekta 117 za mikoko zinalindwa, na hewa ukaa inayohifadhiwa, takriban tani 3,000 kwa mwaka, inauzwa kwenye soko la hiari la kaboni, ambako wanunuzi hulipia ili kufidia hewa ukaa wanayotoa wao, kupitia asasi ya hisani iliyosajiliwa Scotland. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Unatajwa kuwa mradi wa kwanza duniani wa kijamii kuuza kaboni ya mikoko.

Tuzo sizijali sana. Kinachonivuta ni jinsi maadili yao yanavyoonekana kwenye fedha. Msitu ule ni mali ya umma, na wanavijiji wanashiriki kuusimamia kupitia chama cha misitu cha jamii kwa makubaliano na mamlaka ya misitu ya Kenya. Sehemu ya mapato inarudi kwenye kulinda na kupanda. Sehemu nyingine inakwenda kwenye mambo ya vijiji viwili, Gazi na Makongeni, na wanavijiji ndio wanaosema kipi kianze: maji ya bomba, vitabu na madarasa ya shule. Wangeweza kuamua kugawana fedha kaya kwa kaya. Ingekuwa noti chache kila nyumba, zingekwisha wiki ileile. Kuzielekeza kwenye bomba ambalo hata asiyewahi kupanda mche hata mmoja atachota maji yake ni tamko la maadili lenye nguvu kuliko bango lolote la ofisini.

Kuna jambo jingine pale linalopita haraka machoni mwa wageni. Pamoja na kulinda mikoko, walipanda mivinje. Mvinje unakua upesi, unatoa nguzo na kuni. Maana yake mtu aliyezuiwa kukata mkandaa au mkoko hakuachwa na marufuku tu mkononi. Asasi ikisema inaheshimu watu, naitafuta heshima hiyo mahali kama hapa: kwenye kile inachompa yule ambaye lengo zuri la asasi linamgharimu.

Sasa nije kwenye neno "bila faida", kwa sababu ndilo linaloulizwa kuliko yote katika semina zangu, na majibu yanayozunguka mtaani yanawaumiza watu. Asasi isiyo ya faida inaruhusiwa kubaki na ziada mwisho wa mwaka. Inaruhusiwa kulipa mishahara, kukodisha ukumbi wake, kuuza asali. Kisichoruhusiwa ni kugawana ile ziada. Kampuni ikipata faida wenye hisa wanapewa gawio. Asasi ikipata ziada, inairudisha kwenye dhamira. Tofauti yote iko hapo. Kwa Tanzania, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002 imejengwa juu ya msingi huo, na marekebisho ya 2019 yaliubana zaidi, pamoja na kuweka cheti cha usajili kuwa cha miaka kumi badala ya cha kudumu. Wasomaji wa Kenya wana Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, ambayo ilisubiri zaidi ya miaka kumi na kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024.

Kusajiliwa hakumaanishi kusamehewa kodi. Hili nalirudia kila mara. Kutambuliwa kuwa asasi ya hisani kwa ajili ya kodi ya mapato ni ombi la peke yake kwa Kamishna wa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, chini ya kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, na hata baada ya hapo kodi ya mishahara ya wafanyakazi inakatwa na kupelekwa kama kawaida. Asasi iliyoandika "uadilifu" ukurasa wa kwanza huku ikiwalipa wafanyakazi mkononi bila makato inajikana yenyewe, na inawanyima wafanyakazi wale pensheni yao.

Hapo tumefika kwenye maadili yaliyoandikwa ukutani. Uwazi, uwajibikaji, usawa, uadilifu, kujitolea: karibu kila asasi ina matano haya. Zoezi ninalowapa ni moja. Chukueni neno moja, mnionyeshe kifungu cha kanuni za fedha au cha katiba kinacholitekeleza. Mkisema uwazi, nionyesheni nani asiyekuwa kiongozi anaweza kuomba kuona taarifa ya benki, na ataiona baada ya siku ngapi. Mkisema usawa, nionyesheni posho ya mwenyekiti na ya mwanachama aliyetoka kijiji cha mwisho kwa bodaboda. Mkisema uadilifu, nionyesheni daftari ambamo mjumbe wa bodi alitamka kwamba mzabuni wa viti ni shemeji yake, kisha akatoka nje wakati wenzake wanaamua.

Wengi hunyamaza kidogo, halafu kazi ya kweli inaanza.

Vikundi vya kuweka na kukopa vimetutangulia katika hili. Ule mfumo wa sanduku, uliosambazwa Afrika baada ya shirika la CARE kuuanzisha Niger mwaka 1991, una kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu, na mtunza sanduku si mmoja wao. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, kiasi kilichobaki kinatajwa kwa sauti, na mkutano unaofuata kinatajwa tena kabla sanduku halijafunguliwa. Mama asiyejua kusoma analishika lile salio kichwani wiki nzima. Uwazi wa namna hii haumtegemei kiongozi mwema. Anaweza kuja kiongozi mbaya na bado ukafanya kazi, na hicho ndicho kipimo changu cha maadili yaliyokomaa.

Lililo gumu zaidi ni la waanzilishi. Mtu ameianzisha asasi sebuleni kwake, ameilipia ada kwa mshahara wake, ameibeba wakati hakuna aliyeiamini. Namheshimu sana mtu huyo. Lakini akaunti ya benki ikiwa na watia saini wawili na wote ni mume na mke, na mkutano mkuu ukiwa haujaitishwa tangu usajili, ile asasi bado ni ya nyumbani kwake, hata kama imesajiliwa kitaifa. Ukomo wa uongozi kwenye katiba unamlinda mwanzilishi mwenyewe pia. Siku akiugua au akichoka, kazi aliyoipenda inaendelea.

Kuna anayeuliza: je, dhamira finyu haitaifunga asasi isikue? Tazameni Green Belt Movement ya Kenya. Wangari Maathai aliianza mwaka 1977 ndani ya Baraza la Taifa la Wanawake la Kenya, kwa kitu kidogo mno: wanawake wa vijijini waoteshe miche na kupanda miti, kwa kuwa kuni zilikuwa mbali na vijito vilikuwa vinakauka. Walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche, na malipo yalitolewa kwa mche ulioshika na kuishi. Mtu anayelipwa kwa mti aliouchomeka tu ardhini na anayelipwa kwa mti uliopona wanafanya kazi mbili tofauti. Kanuni moja ya malipo ikawa imebeba dhamira nzima.

Na ni kwa kuifuata miti hiyohiyo ndipo walipojikuta, mwaka 1989, wakipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park jijini Nairobi, na baadaye wakitetea msitu wa Karura usigawiwe wajenzi. Jengo lile halikujengwa. Aliyetazama kwa mbali angeweza kusema wameacha kupanda miti na kuingia siasa. Kwa walio ndani ulikuwa ufuatiliaji wa swali lilelile: nani ana haki ya kuamua juu ya ardhi na miti yetu? Dhamira yao ilikua kutokea ndani, kwa kufuata mzizi wa tatizo. Kile kikundi cha akina mama na zamu zake za nyumbani kilipotezwa na badiliko lililotoka nje, lililofuata wito wa mfadhili. Kila asasi inapobadilika naomba ijiulize badiliko hilo limetoka upande gani.

Mkiamua kweli kubadili dhamira, fanyeni kwa mkutano mkuu wenye akidi, muhtasari usainiwe, na mabadiliko ya katiba yapelekwe kwa Msajili. Kisha mrudi kwa wale mnaowahudumia muwaeleze kwa lugha yao. Kanuni za 2018 zilikwisha kuzitaka asasi za Tanzania kuutangazia umma fedha zilizopokea na zilivyotumika. Mkutano wa kijiji ni mahali pazuri kuliko gazeti la Kiingereza ambalo hakuna pale anayelisoma.

Na kabla hamjafunga faili la katiba, fungueni kifungu ambacho hakuna anayependa kukisoma, cha kuvunjwa kwa asasi. Kinasema mali zitakazobaki hazitagawanywa kwa wanachama, zitakwenda kwa asasi nyingine yenye malengo yanayofanana. Wengi hunakili maneno hayo na kupita. Mimi nawaomba wajumbe waelezane, kabla ya kikao kwisha, asasi hiyo ingekuwa ya namna gani: ingemhudumia nani, ingekuwa kata gani, ingefanya nini na ile pikipiki na zile kompyuta mbili. Wakishaelewana mrithi awe nani, tunarudi ukurasa wa kwanza, na mara nyingi sentensi ya dhamira inaandikwa upya siku hiyohiyo.