Je, wajua kwa nini shingo hugoma kabla ya miguu katika safari ndefu ya baiskeli?

Ukimwuliza mtu ni kitu gani kitamshinda akiendesha baiskeli peke yake kilomita 4,000, atajibu haraka: miguu. Waliozoea masafa hayo wana hofu nyingine. Misuli ya mapaja ni mikubwa, na mwendo wenyewe ni wa taratibu kiasi kwamba sehemu kubwa ya nguvu hutoka kwenye mafuta ya mwili, ambayo hayaishi kirahisi. Mradi unakula, miguu itazunguka. Viungo vinavyotangulia kugoma ni vile visivyosogea.

Shingo ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Mwendeshaji ameinamia usukani, na kichwa chake cha kilo 4 hadi 5, pamoja na helmeti, lazima akiinue ili aone barabara. Misuli ya nyuma ya shingo hukaza hivyo kutwa kucha, siku nenda siku rudi. Mwishowe inalegea kabisa: kidevu kinaangukia kifuani na hakinyanyuki tena. Hali hiyo huitwa shingo ya Shermer, kwa jina la Michael Shermer, mmoja wa wanaume 4 walioshindana kuvuka Marekani mwaka 1982. Wapo waliosonga mbele wakishikilia kidevu kwa mkono mmoja. Wenye nywele ndefu wamewahi kuzisuka na kuzifunga kwenye mkanda wa kifuani, kwa nyuma, ili zivute kichwa juu. Unaweza kucheka, lakini asiyeona mbele ni hatari kwake na kwa wenzake, na kwa maoni yangu hapo safari imekwisha.

Mikono nayo ina lake. Neva ipitayo upande wa kidole kidogo hubanwa kwenye usukani, kidole hicho na jirani yake vinakufa ganzi. Wengine hurudi nyumbani na kwa wiki kadhaa kufunga kifungo cha shati ni kazi.

Kuwa peke yako huongeza mzigo. Katika mbio za kujitegemea kama Transcontinental ya Ulaya, iliyoanza mwaka 2013, ni marufuku kujikinga upepo nyuma ya mwenzako, na chakula unajitafutia mwenyewe. Saa haisimami hata ukilala, kwa hiyo usingizi ndio unaopunjwa. Mwaka 2019 Fiona Kolbinger wa Ujerumani aliwashinda wanaume na wanawake wote katika mbio hizo, akimaliza baada ya siku 10 na saa chache. Kati ya saa nane usiku na alfajiri, macho huanza kuona watu wasiokuwepo, na hakuna wa kukushtua kwamba unasinzia.

Dawa ya shingo ni kupandisha usukani sentimita chache kabla ya kuondoka, ingawa upepo utakupiga zaidi kifuani. Vile vishikio vya mbele vya kulalia viwiko huipumzisha mikono, ila vikiwekwa chini sana, shingo ndiyo inayolipa.