Fundi, unipigie Windows ngapi?

Tangu Oktoba 2025 hakuna swali ninaloulizwa sana kama hilo. Linakuja kwa simu, linakuja kwa WhatsApp, linakuja mlangoni na mtu aliyeshuka daladala Sinza huku laptopu iko begani. Na karibu kila mara najibu kwa swali: mashine yenyewe ni ipi, na nyumbani unaifanyia nini?

Tarehe hiyo ina sababu yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi hawakujua. Mashine inawaka, Word inafunguka, muziki unapiga. Ila kila tundu jipya linalogunduliwa tangu hapo linabaki wazi, na wanaoyatafuta matundu hayo hawajalala. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft imeongeza muda hadi Oktoba 2026: unajiandikisha ndani ya Windows Update kwa akaunti ya Microsoft, bure ukikubali mipangilio yako inakiliwe kwao, au kwa dola 30. Mwenye Windows 10 halali na ajiandikishe leo, hiyo itampa nafasi ya kujipanga.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Tabata, mwalimu mstaafu, na HP EliteBook 840 G3. Alimnunulia mjukuu wake aliyeingia chuo. Baada ya shikamoo na marahaba akaifungua mezani.

"Mwanangu, hii waliniambia ni kumi na moja. Mbona pembeni imeandika maneno haya hayaondoki?"

Maneno yalikuwa "Activate Windows". Na kweli ilikuwa Windows 11, imelazimishwa kwenye mashine isiyostahili, kwa leseni ya kuchakachua iliyokwisha muda. Makosa mawili kwenye laptopu moja, na mama wa watu hakuambiwa hata moja. Nitayaeleza yote mawili, maana nayaona kila wiki.

Kwanza, mashine. Ingia Settings, kisha System, kisha About, usome jina la prosesa. Utakuta kitu kama i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: hiyo ni ya sita. i5-8350U ni ya nane. Zikianza na 1, kama i5-10310U, chukua mbili za mwanzo: ni ya kumi. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana za nyuma yake, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Hiyo GB 4 ni ya kwenye karatasi. Mimi sikushauri chini ya 8.

Kwa majina yanayozunguka Kariakoo, hesabu inakuwa hivi: 840 G3 ni kizazi cha sita, G4 cha saba, G5 kwa kawaida cha nane. ThinkPad T470 haifiki, T480 kwa kawaida inafika. Dell Latitude 7480 haifiki, 7490 kwa kawaida inafika. Nasema "kwa kawaida" kwa sababu baadhi ya hizo za mwisho zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha saba. Kwa hiyo usinunue kwa jina la kwenye mfuniko. Mwambie muuzaji aiwashe, usome mwenyewe.

Zipo njia za kuiruka hiyo sheria na kuiweka Windows 11 kwenye G3. Itawaka, na mara nyingi itakwenda vizuri tu. Lakini Microsoft imesema wazi kuwa mashine zisizotimiza masharti hazina uhakika wa kupata masasisho, na masasisho ndiyo kitu chenyewe tunachokitafuta. Sasisho kubwa la mwaka linaweza kukataa kuingia ukabaki na toleo linalozeeka, na hujui, kwa sababu sura ya nje haijabadilika.

Pili, kuchakachua. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu fundi wengi wanakupigia hivi bila kukuuliza.

Kampuni kubwa zenye mamia ya kompyuta haziingizi leseni moja moja. Zinaweka seva yao ndani, inayoitwa KMS, na kila kompyuta inapaswa kuripoti kwake ndani ya siku 180. Programu ya kuchakachua inaweka seva ya uongo ndani ya laptopu yako au inaielekeza kwenye seva ya mtu usiyemjua. Ili ifanye kazi, fundi anazima Defender, yaani kinga ya Windows yenyewe dhidi ya virusi, au anaiambia isiliguse folda fulani. Mlinzi umemfunga kamba wewe mwenyewe, kisha unamwachia ndani mgeni mwenye funguo zote. Baadhi ya programu hizo hufanya zilichoahidi tu. Nyingine zinakuja na mwizi wa nywila, na huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Unaweza kujipima sasa hivi. Fungua Activation ndani ya Settings. Ukiona imeandikwa kuwa Windows imewashwa kwa "digital license", kwa kawaida uko salama. Ukiona inataja "your organization's activation service" na wewe hujawahi kuajiriwa na shirika hilo, ujue. Au fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika slmgr /xpr: leseni halali ya nyumbani itakujibu "permanently activated", ya KMS itakupa tarehe ya mwisho.

Kinachoniuma ni hiki. Laptopu hizi za mtumba zilitoka kwenye ofisi za Ulaya na Uarabuni, na sehemu kubwa zilinunuliwa zikiwa na Windows Pro yake halali. Tangu enzi za Windows 8 namba ya leseni imekuwa ikiandikwa ndani ya chipu ya ubao wenyewe. Ukipakua Windows safi kutoka kwa Microsoft, bure, ukaipiga kwa aina ile ile, Pro kwa Pro, bila kuingiza namba yoyote, inajiwasha yenyewe ikipata intaneti. Na leseni ya Windows 10 inakubalika kwa Windows 11. Nimepokea laptopu nyingi zilizochakachuliwa wakati leseni halali imelala ndani yake miaka yote. Mwulize fundi wako: "Umeangalia kama ina leseni yake?" Akisita, usimwachie mashine.

Ile ya mama wa Tabata ilikuwa nayo, ya Windows 10 Pro. Lakini Windows 10 imebakiza muda mfupi, na kijana ana miaka mitatu ya chuo mbele yake. Nilimpigia simu mjukuu mwenyewe nikamwuliza swali la pili: unaifanyia nini? Akataja: kuandika kazi za chuo, maombi ya mkopo wa HESLB, YouTube, WhatsApp, na baadaye kutafuta kazi Ajira Portal. Hakuna hata kimoja kinachodai Windows. Karibu vyote viko ndani ya kivinjari.

Tukaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows.

Najua neno Linux linawatisha watu. Wanaona skrini nyeusi na maandishi ya kijani. Linux ilianza 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na kwa miaka mingi kweli ilikuwa ya wataalamu. Lakini tangu 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipoanzisha Ubuntu, jina lililo ndugu wa neno letu utu, mambo yamebadilika, na Mint imejengwa juu ya msingi huo. Ina kitufe cha menyu kushoto chini, ina saa kulia chini, folda zinafunguka kwa kubofya mara mbili. Aliyezoea Windows 7 anaikamata kwa jioni moja. Matoleo ya Mint 22 yanapata masasisho hadi 2029, bila malipo na bila akaunti. Inataka RAM ya GB 2, ingawa 4 ndiyo inayoshauriwa, na kwenye G3 yenye GB 8 na SSD inaruka.

Hapa kwetu ina faida nyingine ambayo vitabu vya Ulaya havitaji. Mwanafunzi anapeleka flashi steshenari kuchapisha, inarudi na kila folda imegeuka njia ya mkato, kazi zote hazionekani. Kirusi kile kimeandikwa kwa Windows: kinaficha folda halisi na kuweka bandia zake. Ukiichomeka flashi hiyo kwenye Mint, bandia hazifanyi kitu, na folda zilizofichwa unaziona wazi. Nimeokoa ripoti za watu kwa njia hiyo usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Isiwe sababu ya kubofya ovyo. Mtego wa kuibia nywila kwenye tovuti ya uongo unafanya kazi kwenye mfumo wowote.

Na nisifiche upungufu wake. Kama nyumbani unafunga hesabu za duka kwa Tally, baki Windows. Photoshop na wenzake wa Adobe hawapo Linux. Michezo mingi inakubali siku hizi, ila ile ya mtandaoni yenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu mara nyingi inagoma. LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inafungua faili za Word, lakini wasifu wenye majedwali na visanduku unaweza kuhama mistari. Utume kama PDF, au tumia Word ya bure ndani ya kivinjari. Printa ndogo za leza za baadhi ya kampuni zinasumbua. Uzuri ni kwamba Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako, kwa hiyo jaribu printa, Wi-Fi na sauti kabla hujaamua lolote.

Kwa wanaopenda lugha yetu, nikumbushe jambo ambalo vijana wengi hawalijui: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, menyu zote. Natamani kazi ile ingeendelezwa kwa kasi ile ile. Mama yule angesoma mwenyewe alichoandikiwa pembeni ya skrini.

Sasa Mac, kompyuta za Apple. Wanaoniuliza huwa wanataka niwaambie ndiyo, na kwa mashine moja nasema ndiyo bila kusita: MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020. Haina feni, na kwa joto na vumbi la mji huu hiyo ni neema. Apple wenyewe wanataja saa 15 za kuperuzi kwa chaji moja, na hata betri ikichoka kidogo bado unavuka usiku wa umeme kukatika. Ila RAM na hifadhi yake zimeunganishwa ubaoni, huwezi kuongeza kesho. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Mac za Intel sizishauri tena. macOS Tahoe, toleo la 2025 la mfumo wa Mac, ndiyo ya mwisho kuzikubali, tena chache tu. Ile MacBook Air ya 2017 inayouzwa kwa bei ya kuvutia iliishia kwenye toleo la zamani, Monterey, ambalo halipati tena masasisho. Halafu kuna mtego mbaya zaidi: Mac ya wizi au ya kampuni. Ikiwa bado imefungwa kwa akaunti ya mwenye nayo wa kwanza, au iko chini ya usimamizi wa ofisi fulani ya ng'ambo, utaitumia vizuri hadi siku utakapoifuta, kisha itakudai nywila usiyoijua. Usilipe hadi ifutwe na kuanzishwa upya mbele yako, ikiwa kwenye intaneti.

Chromebook, laptopu za mfumo wa Google, ni nafuu na nyepesi, lakini kila modeli ina tarehe ya mwisho ya masasisho, na za mtumba nyingi zimeshaifikia. Bila intaneti pia inapungua sana. Kwa nyumba yenye bando la kuungaunga, hapana.

Na kwa kuwa nimetaja bando: unayewasha hotspoti ya simu, Windows inaweza kukumalizia GB kadhaa ikishusha masasisho kimya kimya. Nenda kwenye sifa za Wi-Fi hiyo, washa "Metered connection", itapunguza. Kisha mara moja kwa mwezi nenda mahali penye intaneti ya uhakika uiache ishushe yote. Watu wengi huzima masasisho kabisa ili kuokoa bando, na hapo ndipo wanaporudi kwangu na mashine iliyojaa takataka. Mint haishushi masasisho mpaka wewe ukubali, na inakuonyesha ukubwa wake kwanza.

Mjukuu wa mama wa Tabata alinipigia baada ya wiki mbili. Niliogopa amekwama. Alitaka kujua namna ya kuweka namba za kurasa kwenye LibreOffice zianzie sura ya kwanza badala ya jalada. Tulimaliza kwa dakika kumi kwenye simu.

Ukitaka kuniuliza kuhusu mashine yako, niandikie vitu vitatu: namba ya prosesa kama ilivyo, RAM, na programu moja ambayo huwezi kuishi bila yake. Na kabla hujaileta, nakili picha na kazi zako kwenye diski ya nje, kisha zifungue mbili tatu kutoka huko uhakikishe zimekaa.