Si Mali ya Mjerumani: Ndege za Vita Zilizoanguka Pwani Yetu

Bamvua likishafukua mchanga, watu hutuletea vyuma. Mara hii alikuja mzee mvuvi wa Kigamboni. Alikuwa amefunga kipande cha bati kwenye kanga, akakiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka mayai. Akautazama mlango, kisha akaniinamia.

"Mwanangu, hii si mali ya Mjerumani?"

Mimi ni mhifadhi wa makumbusho na kazi yangu ni vyuma vya kale, kwa hiyo swali hilo nimelizoea. Imani kwamba Wajerumani walifukia dhahabu kabla ya kukimbia imezagaa nchi nzima, na watu wamechimbua misingi ya maboma na mashina ya mibuyu kwa ajili yake. Imani hiyo ina chembe ya ukweli: mwaka 1916 Wajerumani waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora, zenye picha ya tembo. Lakini bati la mzee halikuwa sarafu wala sanduku la sarafu. Lilikuwa jepesi mno, na ukingoni lilikuwa na safu mbili za ribiti.

Nikamwambia huenda ni ndege. Akacheka. Ndege gani ya vita iliyoanguka huku?

Zipo kadhaa, na habari zake hazijulikani sana hapa kwetu. Ukizifuatilia utaona kwamba bunduki ya adui inatajwa kwa nadra. Kinachotajwa kila mara ni joto, chumvi, matope na petroli iliyokwisha.

Vita ya Kwanza ilipofika mwaka 1914, Dar es Salaam ilikuwa na ndege moja. Ilikuwa ya Mjerumani Bruno Büchner, aliyewahi kuwa mwendesha baiskeli wa mashindano. Aliileta kwa ajili ya maonyesho, vita ikamkuta hapa, na jeshi likaichukua ndege pamoja na mwenyewe. Büchner alijeruhiwa kwa risasi akiwa kazini. Luteni aliyepewa ndege hiyo baada yake alianguka nayo akafa.

Waingereza nao walikuwa na shida yao. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikaenda kujificha kwenye mikono ya Mto Rufiji. Meli haziwezi kuona nyuma ya mikoko, kwa hiyo ilitakiwa ndege. Ikapatikana moja ya kuelea majini, mali ya raia wa Durban, pamoja na rubani wake, Dennis Cutler.

Safari za Cutler zingechekesha kama zisingekuwa za hatari. Rejeta ya ndege iliharibika, ikafungwa nyingine iliyotolewa kwenye motokaa ya Ford iliyopatikana Mombasa. Safari ya kwanza alipotea kwenye mawingu, akatua kwenye kisiwa kidogo akiwa hana petroli, akangoja kuokotwa. Hata hivyo aliiona Königsberg, na hiyo ndiyo habari iliyotakiwa. Desemba 1914 injini ilimkatikia juu ya Rufiji. Akashuka mtoni na Wajerumani wakamteka.

Baada yake zililetwa ndege mbili za Sopwith kutoka Uingereza, na hapo ndipo joto la pwani lilipojionyesha waziwazi. Ndege za wakati ule zilikuwa mbao, waya na kitambaa, na mbao zilishikizwa kwa gundi. Gundi iliyotengenezwa kwa baridi ya Ulaya ililainika. Pangaboi, ambalo lilikuwa tabaka za mbao zilizogandishwa pamoja, lilianza kuachana. Na injini zenyewe, zilizokuwa zikilainishwa kwa mafuta ya nyonyo, hazikuweza hata kuinyanyua ndege majini ikiwa na mzigo wa maana.

Sababu yake inaeleweka bila hesabu ngumu. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Hewa ya nyuzi 32, ambayo Dar es Salaam ni jambo la kawaida mchana wa Januari, ni nyepesi kwa karibu asilimia 6 kuliko ile ya nyuzi 15. Asilimia 6 utaiona ndogo. Lakini bawa linaegemea hewa hiyo, pangaboi linaisukuma hewa hiyo hiyo, na injini inaivuta hewa hiyo hiyo ili iunguze petroli. Ukipunguziwa mara tatu kwa mpigo, na injini yako haizidi nguvu za farasi 100, unabaki unakimbia juu ya maji kama bata asiyejua kuruka. Ndege za Short zilizofuata zilipaa, ila chini mno, hata bunduki za askari waliokuwa mikokoni zikazifikia.

Tarehe 11 Julai 1915 ndipo Königsberg ilipomalizwa. Manowari mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kupiga kwa kuelekezwa kutoka angani. Ndege iliyoelekeza, ya rubani Cull na mwenzake Arnold, ilipigwa na injini ikaanza kufa. Walishuka kidogo kidogo huku Arnold akiendelea kutuma masahihisho ya shabaha kwa redio. Ilikuwa ndege ya magurudumu, na ndege ya magurudumu ikigusa maji hupinduka. Arnold alirushwa nje. Cull alisahau kufungua mkanda akazama na ndege, akajinasua kwa taabu, na wote wawili wakaokolewa na mashua ya Mersey. Hii ni moja kati ya chache ambazo risasi ya adui ndiyo iliyotenda.

Kuna nyingine ambayo kila nikiisimulia kwa wanafunzi darasa hunyamaza. Januari 1917 rubani Edwin Moon aliondoka na Kamanda Bridgeman kwenye ndege ya majini kwenda kuchungulia delta ya Rufiji. Injini ilizima wakashuka kwenye kijito. Mtu aliyewahi kupita Rufiji kwa mtumbwi anajua maana yake. Maji yakijaa hakuna nchi kavu, yakipwa kuna matope ya kiunoni, na kila mkono wa mto unafanana na mwenzake. Na mamba wapo. Walihangaika hivyo siku kadhaa, wakivuka vijito kwa kuogelea, hadi wakaunda chelezo kwa mabaki ya mbao. Mkondo ukawachukua ukawatoa baharini. Bridgeman akafa pale juu ya chelezo kwa kuchoka na kupigwa na jua na mawimbi. Moon alirudishwa ufukweni na maji, akatekwa.

Walikuwa wawili tu mle, na ni mmoja tu aliyerudi kueleza. Nami hujiuliza wanakijiji wa delta, ambao wangewaongoza kwa nusu siku, waliona nini siku zile.

Vita ya Pili ilileta ndege za aina nyingine kabisa. Septemba 1943 kikosi namba 259 cha jeshi la anga la Uingereza kilihamia Dar es Salaam kutoka Kipevu, Mombasa, kikiwa na Catalina. Hizi zilikuwa mashua zenye mabawa: upana wa zaidi ya mita 31 kutoka ncha hadi ncha, injini mbili za nguvu za farasi 1,200 kila moja, na ndani watu wanane au tisa. Kazi yao ilikuwa kuwinda nyambizi za Wajerumani na Wajapani zilizokuwa zikizamisha meli katika Bahari ya Hindi. Mwezi mmoja kabla ya kuhamia hapa, tarehe 20 Agosti 1943, Catalina za kikosi hicho na za kikosi namba 265 ziliizamisha nyambizi U-197 kusini mwa Madagaska.

Dirisha la ofisini kwangu halioni bandari, lakini nikishuka Magogoni kusubiri pantoni alfajiri, maji yakiwa shwari hayana hata kunyanzi, huwakumbuka marubani wale. Wewe na mimi tunaona uzuri. Kwao ule ndio ulikuwa mtego. Maji ya kioo hayana kina machoni. Rubani anayeshuka haoni kama yupo mita 3 juu yake au 15. Akidhani bado yuko juu, anayagonga kwa pua. Akidhani ameshafika, anapunguza nguvu mapema na ndege inaporomoka kama nazi. Dawa ni kushuka polepole sana na injini ikivuta mpaka tumbo liguse lenyewe, au kutanguliza mashua ikoroge maji ili yaonekane. Sasa mfikirie mtu huyo ametoka kuzunguka bahari tangu jana, macho mekundu, masikio yamejaa ngurumo.

Kuondoka nako kulikuwa na yake. Ndege iliyojazwa petroli ya safari ndefu pamoja na mabomu ya kuzamia, yale yanayolipukia chini ya maji, ilihitaji mkimbio mrefu, na maji yakiwa shwari mno huling'ang'ania tumbo lake. Wakati wa kusi, nje ya mlango wa bandari mawimbi huinuka. Masika huleta magogo yanayoelea, na gogo moja linatosha kupasua bati jembamba la ndege. Kuna na maji ndani ya petroli: tangi likilala nusu tupu usiku wenye unyevu, mvuke hugeuka matone, matone hutulia chini, na asubuhi ndiyo yanayotangulia kuingia kwenye injini. Dereva yeyote wa daladala anaijua adha hiyo, ila yeye hukwamia Ubungo, si angani.

Nirudi kwenye bati la mzee. Ndege za Vita ya Kwanza zilikuwa mbao na kitambaa, kwa hiyo bahari imeshazila. Kinachoweza kubaki ni injini na waya. Bati la ndege likitoka majini, basi yaelekea ni la Vita ya Pili au la baadaye. Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio: alumini hainaswi. Kutu yake si nyekundu, ni unga mweupe. Ribiti hukaa karibukaribu kwa safu iliyonyooka. Na ukikwangua taratibu penye mkunjo, ndege zilizotoka viwanda vya Marekani, Catalina zikiwemo, mara nyingi huonyesha rangi ya chini ya kijani-manjano. Hayo yote hayathibitishi. Boti na hata majokofu ya zamani hutumia alumini na ribiti. Kinachothibitisha ni namba zilizogongwa kwenye chuma, na mahali kilipotoka. Kipande kilichokwisha pimwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hakina tena mahali.

Kitu cha mviringo, kizito, chenye umbo la pipa au mtungi, hicho usikiguse kabisa. Mabomu ya kuzamia hayazeeki kwa upole. Watu wa Mbagala walioona tarehe 29 Aprili 2009, na wa Gongo la Mboto walioona tarehe 16 Februari 2011, maghala ya mabomu ya jeshi yalipolipuka, hawahitaji mimi kuwaeleza silaha iliyolala inaweza kufanya nini. Kiache, rudi nyuma, toa taarifa polisi, nao watawaita wataalamu wa jeshi.

Na mifupa ni ya mtu, bila kujali alipigania upande gani. Hata makaburi yaliyopangwa vizuri husahaulika: mwaka 1968 makaburi 660 ya Vita ya Kwanza yalihamishwa kutoka Ocean Road kupisha barabara. Kwa kuwa hayakuwa na alama ya kila mtu, mabaki yakazikwa upya kwa pamoja kwenye makaburi ya vita kando ya Barabara ya Bagamoyo. Daladala hupita pale siku nzima.

Nilimwomba mzee anionyeshe alipolipata bati. Picha ya simu tu, maji yakiwa yamekupwa, na kandambili pembeni iwe kipimo. Akakaa kimya muda mrefu.

"Pale nyavu zilipokwama," akasema, "ndipo penye chewa. Nikikuonyesha wewe, kesho atajua kijana wako wa mapokezi, kesho kutwa wanafika watu wa baruti."

Sikuwa na jibu la kumtosha. Samaki hukaa kwenye mabaki kama wanavyokaa kwenye mwamba, na baruti nimeisikia mwenyewe nikiwa ufukweni. Nilimwahidi kwamba mahali patabaki kati yetu wawili. Akalifunga bati lake kwenye kanga, akasema atalifikiria bamvua lijalo.