Heliamu ya Rukwa si mionzi: chembe ya alfa inapopata elektroni zake mbili

Swali lililojirudia kuliko yote kwenye banda letu la Sabasaba halikuwa la eksirei wala la minara ya simu. Lilikuwa la puto. Bibi mmoja alisimama mbele yangu akiwa amemshika mjukuu wake mkono. Mtoto ana puto la rangi ya fedha, uzi umefungwa kwenye kifundo cha mkono. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Hii gesi si ndiyo ile ya Rukwa, inayotokana na urani? Nimwache mtoto aichezee?" Nilimwambia haina mionzi, akaitikia kwa heshima, lakini uso wake ulionyesha hajaridhika. Naandika ili nilijibu swali lake kwa ukamilifu.

Hofu hiyo imeanzia kwenye jambo la kweli. Heliamu ya bonde la Rukwa, ambayo ugunduzi wake ulitangazwa mwaka 2016 na watafiti wakiwemo wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham vya Uingereza, imetokana na urani na thori, metali zenye mionzi zilizomo kwenye miamba ya kale, kisha joto la volkano la Bonde la Ufa likaitoa humo. Kiini cha urani-238 kikivunjika hurusha chembe ya alfa: protoni mbili na nyutroni mbili, bila elektroni hata moja. Hutoka kwa mwendo wa takriban kilomita 14,000 kwa sekunde. Hadi urani hiyo iishie kuwa risasi, zitakuwa zimerushwa alfa nane; thori-232 hurusha sita. Alfa ni ioni, yaani atomi iliyopungukiwa elektroni, na ikirushwa ndani ya pafu ina madhara makubwa, kwa sababu hung'oa elektroni za atomi inazozipitia.

Kinachosahaulika ni mwisho wa safari yake. Wengi hudhani ioni yenye chaji chanya itanasa elektroni ya kwanza itakayokutana nayo. Sivyo. Anayedandia daladala linaloondoka kituoni Mwenge hukimbia kwanza sambamba nalo. Mwendo ukilingana ndipo anashika mlango. Gari likishachanganya, mkono utaishia kugusa bati. Elektroni nayo, ili ioni iinase, lazima iondoke kwa mwendo uleule wa ioni, ilhali atomi iliyokuwa nayo imetulia mahali pake. Hesabu za wanafizikia, Oppenheimer mwaka 1928, na Brinkman na Kramers mwaka 1930, zilionyesha kwamba kwenye kasi kubwa sana, ukiongeza kasi ya ioni mara mbili, uwezekano wa kunasa hushuka karibu mara 4,000.

Mwaka 1927 mwanafizikia L. H. Thomas alikuwa ameonyesha njia nyingine, na kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Ioni huigonga elektroni, nayo elektroni ikaruka kwa pembe ya nyuzi 60 ikiwa na kasi sawa na ya ioni yenyewe. Kisha elektroni hiyo hujigonga kwenye kiini cha atomi yake, ikageuzwa na kushika mwelekeo wa ioni. Sasa zinakwenda pamoja, na kunasana kunawezekana. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kuliona jambo hilo maabara: mwaka 1983 protoni ziliporushwa kwenye gesi ya heliamu, alama yake ilionekana kwenye pembe ndogo ileile ambayo hesabu ya Thomas ilitabiri protoni itapinda.

Ndani ya mwamba, alfa haifiki hata unene wa unywele. Inapunguza mwendo kila inapogonga, na ikikaribia kilomita 4,000 kwa sekunde huanza kunasa elektroni, kuipoteza, kunasa nyingine, mara nyingi, hadi inapotulia na mbili. Hapo imekuwa atomi ya heliamu, na hakuna elementi nyingine inayoshikilia elektroni zake kwa nguvu kama hiyo. Wanafizikia Rutherford na Royds walilithibitisha huko Manchester, Uingereza. Walifungia radoni, gesi yenye mionzi inayorusha alfa, kwenye kijibomba cha kioo chembamba kiasi cha kupitisha alfa lakini si gesi, wakakizungushia bomba jingine tupu, wakasubiri. Baada ya siku mbili mstari wa njano wa mwanga unaoitambulisha heliamu ukaonekana kwenye bomba la nje. Baada ya sita, mistari yake yote mikuu. Walichapisha mwaka 1909. Heliamu hiyo haikuwa na mionzi, na ya puto haina. Tafadhali tuache kusambaza sauti za WhatsApp zinazodai vinginevyo.

Tahadhari ninayotakiwa kuitoa: miamba hiyohiyo hutoa radoni, ambayo ina mionzi na hupungua nusu kila siku 3.8. Hiyo hupimwa kwenye kisima cha gesi, si kwenye puto.

Sasa kwa wachimbaji na mawakala wa forodha. Mtungi wa heliamu hauhitaji kibali cha mionzi. Vifaa vya kupimia kisima cha gesi vinakihitaji, maana vingi vina vyanzo vya mionzi: ameriki-241 iliyochanganywa na berili, au sesi-137. Chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania huombwa kabla ya kuagiza, si mzigo ukishafika bandarini Dar es Salaam. Kuingiza, kumiliki, kusafirisha na kuhifadhi, kila hatua ina masharti yake. Awepo msimamizi wa kinga ya mionzi. Daftari la kutoka na kurudi kwa kifaa lijazwe siku hiyohiyo, kwa saa na saini. Stoo ifungwe, ibandikwe alama ya onyo. Kifaa kikipotea, taarifa itolewe mara moja. Kusema "tulikuwa bado tunakitafuta" si utetezi. Anayekiuka anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, na kibali chaweza kufutwa.

Kwa bibi yule na wazazi wote: hatari ya puto iko kwingine. Heliamu ikijaza pafu, oksijeni inakosa nafasi. Mtoto asiivute ili sauti ibadilike, na asiwekwe mdomo kwenye mtungi hata kwa sekunde moja, kwani shinikizo lake hupasua pafu. Akimaliza kucheza, mfungue uzi mkononi kabla hajalala.