Kushiba si Kulishwa

Ukipita Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, utakuta magunia ya dagaa wakavu yamesheheni, na hapo hapo ni rahisi kumsikia mama mwenye mtoto mgongoni akisema kwamba mwanawe hana tatizo la lishe, kwa kuwa humaliza bakuli zima la uji na kulala bila kulia. Dhana hiyo si sahihi. Uji mtupu wa mahindi au muhogo hujaza tumbo, lakini una protini, madini chuma na zinki kidogo mno kwa mwili unaokua, na ndiyo maana mtoto anaweza kushiba kila siku huku akidumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Wengi wao hawaonekani wagonjwa. Huonekana wafupi tu, nasi husema wamerithi.

Inauma, kwa sababu chakula kinachokosekana kwenye uji huo kimejaa sokoni. Dagaa huliwa wazima, mifupa kwa vichwa, hivyo hutoa kalsiamu nyingi kuliko mnofu wa sangara. Wakichambuliwa mchanga, wakaoshwa, wakakaushwa vizuri na kusagwa, unga wao hupikwa ndani ya uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanatosha. Mjamzito anahitaji dagaa pia, na vilevile binti aliyevunja ungo, ambaye hupoteza madini chuma kila mwezi.